Kofia ya Shaba na Maji ya Kisima

Juu ya mnara mfupi wa kengele ya kanisa kule Bariadi kuna kofia ya shaba ambayo mimi niliikwaruza kwa kisu cha jikoni, nikaiacha na kovu jekundu la ukubwa wa kiganja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya wa kemia, na nilimwahidi mzee mmoja kwamba siku moja nitarudi kuangalia kama kovu lile limefunga, kisha nimpe habari. Yeye alijua kabisa kwamba hataliona likifunga. Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Nikaolewa, nikazaa, nikafundisha shule saba, nikastaafu, na ahadi ikakaa pale pale nilipoiacha, maana mimi ni hodari wa kuahidi. Halafu mwaka jana, mwezi wa saba, Kabula akanipigia simu asubuhi, sauti imemkauka. "Ticha," akasema, "mayu ametuacha." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo sote tulivyomwita Milembe, mwenye nyumba niliyopanga mwaka ule. Kabula ni bintiye. Nilimfundisha kidato cha pili, naye alikaa dawati la mbele kabisa ili apate nafasi nzuri ya kunisahihisha. Nililia nikiwa nimesimama jikoni kwangu na mwiko mkononi. Nilipomaliza kulia nikakumbuka kofia, nikaenda kutafuta begi.

Chumba changu kwa Mayu Milembe kilikuwa cha uani, cha tofali za kuchoma, chenye dirisha moja lililotazama mnara. Mlikuwa na kitanda cha kamba kilicholia kila nikigeuka, meza niliyosahihishia madaftari, na picha ya kalenda ya mwaka uliopita ambayo sikuitoa kwa sababu ilificha ufa. Upande wa mbele wa nyumba Mayu alikuwa na mgahawa wa mabenchi manne, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua habari za wilaya nzima bila kutoka kitandani. Asubuhi kulikuwa na michembe ya kuchemsha, vile viazi vilivyokaushwa, pamoja na karanga na chai. Mchana ugali wa mtama na mlenda, au wali na samaki wa ziwani aliyefika na basi la Mwanza. Mayu alipika bila kutia chumvi hata punje. Niliona kwa macho yangu, nikadhani ni masharti ya daktari, nikanyamaza kwa adabu. Ajabu ni kwamba chakula chake hakikuwa chapwa hata siku moja, na mimi, mtu wa sayansi, sikujiuliza kwa nini.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko la pamba ndiyo kwanza limefunguliwa. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja na subira nyingi. Mwaka ule wanunuzi walikuja kwa malori, wakapiga honi, wakagombania pamba kama wachumba, na jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, iliyokuwa imelala misimu miwili ikapata mwenyewe mpya, ikaanza tena kutoa moshi. Kwenye mabenchi ya Mayu nilisikia madereva wakibishana ni lori la nani limekwama njia ya Lalago, na wazee wakiulizana kama hawa watu wapya watarudi msimu ujao au wamekuja kuonja tu. Sokoni kulikuwa na mitumba, redio za betri, soda za rangi ambazo hakuna aliyejua zina ladha gani mpaka azinywe. Nilifurahi mwaka ule, nisidanganye. Kila mtu alitaka kitu kipya, na mimi pia nilinunua viatu vya kisigino ambavyo havikufaa kwa udongo wa kule. Tatizo ni kwamba ghafla kila kitu cha zamani kilianza kuonekana kina kasoro.

Ndipo akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana wa mjini mwenye koti la ngozi katika jua lile. Alikuwa akikusanya majembe ya plau yaliyovunjika na mabomba ya zamani. Akala kwa Mayu, akainua macho, akaiona kofia ya mnara, akaacha tonge. Kofia ile ilikuwa ya kijani, kijani ya jani la mpera, ikiwa na michirizi ya kahawia kwenye mikunjo. "Mwenyekiti," akamwambia Mzee Shija, mkuu wa kamati ya ujenzi ya kanisa, aliyekuwa akila pembeni yake, "ile imeoza, mzee wangu. Kijani yote ile ni kutu. Mvua mbili tatu tu, kengele yenu inaoga. Mimi nawasaidia: nabeba ule uchafu, nawafungia bati jipya, jekundu, la kisasa. Bure kabisa." Mzee Shija alikuwa mtu mwema aliyependa vitu vya kisasa kuliko alivyopenda kukiri. Akasema ataliita kanisa.

Kwenye benchi la mlangoni alikaa Mzee Luhende, na maneno yale aliyasikia yote. Ni yeye aliyeitengeneza kofia. Alikuwa fundi wa bangili za shaba, zile ambazo mama na mabinti wa Kisukuma walivaa mkononi na mguuni, na alipokuwa kijana padri mmoja wa zamani alimletea mabamba ya shaba yaliyoshuka na treni Malampaka, yakaja Bariadi kwa mkokoteni wa ng'ombe, akamwuliza kama anaweza kuvalisha mnara. Luhende hakuwahi kuvalisha kitu kikubwa kuliko kifundo cha mguu. Akasema anaweza. Hadithi hiyo alinisimulia mara nyingi, akiwa na kopo la ugoro mkononi. "Shaba ukiipiga sana inakuwa kaidi, mwalimu. Unaichoma iwe nyekundu ya giza, unaitia majini, inatulia kama mtoto aliyenyonya. Halafu unakunja, unakunja tena. Hakuna msumari pale juu. Hata mmoja." Kazi zake nyingine zote zilikuwa kwenye mikono ya watu, na wengi walishazikwa nazo au waliziuza. Iliyobaki mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuiona ni ile moja.

Kwa fundi wa bangili, kijani si habari njema. Bangili inayovaliwa hung'aa kwa kusuguana na ngozi. Inayoota kijani ni ile iliyosahauliwa sandukuni, na ikitolewa husuguliwa kwa majivu na ukwaju mpaka irudi kuwa nyekundu. Kwa hiyo yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, alikuwa ameitazama kofia yake ikigeuka rangi kidogo kidogo na hakusema neno. Alidhani inaumwa. Siku ile mnunuzi alipotamka neno kuoza, Mzee Luhende alifunga kopo lake la ugoro, akamuaga Mayu, akaenda.

Kamati ikaamua kwamba kwa kuwa kuna mwalimu wa kemia mtaani, apime. Nilipoombwa nilivimba kichwa kama kifaranga aliyeota kuwa jogoo. Mzee Luhende alipanda ngazi mwenyewe kuniletea unga wa kijani ndani ya kiberiti. Nilipomkemea kwa kupanda katika umri ule, akasema, "Ng'ombe hazeeki maini," akanikabidhi kiberiti kwa mikono miwili. Jumamosi nikafungua maabara ya shule, Kabula akanifuata bila kualikwa. Dawa zilikuwa chache. Ile nitrati ya fedha, ambayo sisi walimu tuliiita silva tu, ilikuwa imebaki tone kwa tone katika chupa ya kahawia, inasubiri mitihani. Chombo cha kutonesha maji safi kilikuwa kimevunjika tangu kabla sijafika, nami nilikuwa nachuja maji ya ndoo kwa karatasi na kujiambia yanatosha. Nilikuwa nawafundisha watoto asubuhi kwamba hayatoshi, na mchana nayatumia.

Nikaugawa ule unga, nikauyeyusha kwa asidi ya nitriki na maji yale. Ukatoa mapovu machache, dalili ya kaboneti. Nikatia amonia kwenye sehemu moja, ikageuka bluu nzito ya kupendeza, Kabula akapiga kofi. Hiyo ni shaba yenyewe. Nikatia dawa ya bariamu kwenye sehemu nyingine, mchanga mweupe ukazama polepole: salfeti. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Halafu nikatia silva, na bomba la kioo likajaa wingu jeupe zito kama maziwa. Kloridi. Chumvi! Shaba ya pwani huota kijani yenye chumvi, hilo lilikuwa kitabuni, lakini bahari na Bariadi wapi na wapi? Nikajiona mgunduzi. Nikaanza kutunga kichwani barua ya kwenda chuo kikuu. Tena nikakumbuka sura nyingine ya kitabu, iliyosema kwamba chumvi ikishajificha chini ya kijani huendelea kula madini kimya kimya mpaka yaishe. Sikurudia jaribio. Silva ilikuwa adimu, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwa mtu muhimu.

Kamati ilikaa baada ya misa, kwenye darasa la katekisimu, wanaume benchi hili, wanawake benchi lile. Nikaeleza kwa Kiswahili kilichojaa oksidi na kloridi. Mzee Shija akaninyooshea mkono. "Mwalimu, kwa lugha ya shamba. Inapona au haiponi?"

"Kuna chumvi ndani ya kijani," nikasema. "Chumvi hula."

"Kwa hiyo yule bwana alisema kweli."

"Inawezekana."

Neno lile moja lilitosha. Wakakubaliana kofia iteremshwe Jumatatu ya wiki ile ya pili, mnunuzi atakaporudi na lori. Mzee Luhende alikuwa ameketi nyuma. Akasimama, akavua kofia yake ya kitambaa, akasema taratibu, "Mimi nilidhani niliifanya vizuri." Hakumlaumu mtu. Akatoka nje, na kwa wiki nzima benchi la mlangoni kwa Mayu likabaki tupu. Sijawahi kuona aibu kama ile juu ya uso wa mtu mzima, na nilijua ni mimi niliyempaka.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikuwa jikoni na Mayu. Kulikuwa na harufu ya maharage, na yeye alikuwa ameinama juu ya sufuria akichungulia, kisha akainuka na kumgeukia Kabula kwa kishindo. "Wewe! Haya maharage umeyawekea maji gani?"

"Ya ndoo, mayu."

"Ya kisima? Maji ya chumvi kwenye maharage? Hayo yataiva Krismasi, gete, kweli! Ya mvua yako mtungini, nimesema mara ngapi?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Likabaki hapo hapo, nusu ya safari. "Mayu," nikasema, "umesema maji ya kisima yana nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Chumvi, mwalimu. Kisima cha hapa kina chumvi. Kwani miezi yote hii ulidhani chumvi ya mboga naitoa wapi?"

Kabula ndiye aliyeelewa kabla yangu, mtoto yule. Akaweka mikono kichwani, akasema, "Ticha! Mabomba yetu!" Nami nikaona yote kwa mkupuo: nilikuwa nimeosha vyombo kwa maji ya kisima, nimeyeyushia unga kwa maji ya kisima, nimepima kisima, nikauhukumu mnara. Kila mwanamke wa Bariadi aliyewahi kuinjika maharage angeweza kuniambia kuna chumvi wapi. Nikaomba maji ya mvua. Mtungi ule ulikuwa wa mwisho mpaka vuli ianze, wa chai na maharage ya wageni, na Mayu aliushikilia kidogo kabla hajauachia. "Chukua," akasema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ukiumwaga, usirudi hapa."

Tulikwenda shule tumeubeba mtungi mimi na Kabula kama watu waliobeba mtoto mchanga. Tukasuuza mabomba ya kioo mara tatu. Nilipoinamisha chupa ya silva kwenye mwanga niliona imebaki kidogo sana; tuliyakadiria matone matano, na hakukuwa na chupa nyingine karibu kuliko Mwanza. Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Tone moja kwenye maji ya kisima matupu, bila shaba yoyote: wingu jeupe, lile lile nililotaka kuliandikia barua. Kabula akacheka kwa sauti, nami nikacheka naye ingawa uso uliniwaka. Tone moja kwenye maji ya mvua: hakuna wingu, maji maangavu. Yakabaki matatu. Nikatikisa kiberiti, ukatoka unga kama ncha ya kijiko. Nikauyeyusha upya kwa asidi na maji ya Mayu, nikatia tone la tatu na la nne. Tukangoja. Kabula akachukua daftari lake, akaliweka nyuma ya bomba, akasoma kupitia maji yale ya ubluu kidogo neno kwa neno mpaka mwisho wa mstari. Hakukuwa na wingu. Nilimkumbatia nikampaka silva kwenye shati la shule, doa jeusi ambalo halikutoka, na mamake akalilalamikia mpaka nilipohama.

Sikwenda kwa Mzee Shija. Nilikwenda kwanza kwa Mzee Luhende. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, nyundo zake ndogo zimefungwa kwenye gunia. Mabinti wa kule hupiga magoti wanapomwamkia mkubwa, na mimi, mgeni wa mjini, mwaka mzima nilikuwa nainamisha kichwa tu na kujifanya nina haraka. Siku ile nilipiga magoti kwenye vumbi. "Mwadila, guku," nikasema, yaani shikamoo babu kwa salamu yao ya mchana, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa silva kama vya mwizi wa wino. Nikamwambia nilikosea, chumvi ilikuwa ya kisima, kofia haina chumvi ya kutajwa.

"Kwa hiyo kijani si ugonjwa?"

"Ni ngozi, guku."

Nikamweleza, safari hii kwa lugha ya shamba. Kwamba shaba ikipata hewa huota kwanza utando wa kahawia nyekundu, kisha mweusi, na mvua zikipita miaka na miaka, juu yake hujengeka kijani. Kwamba kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma uchi iliwe tena, lakini hii hushika, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, na kilicho chini hakiguswi. Baadaye vitabuni nilizisoma aina zake zote kwa majina makubwa, brokantaiti ile ya salfeti, malakaiti ile ya kaboneti, atakamaiti ile ya chumvi ya pwani, na nimeyafundisha majina hayo kwa miaka mingi. Lakini swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu yake liliulizwa pale.

"Na hiyo ngozi imetoka wapi? Mimi sikuipaka."

"Imetoka hapa hapa. Salfeti ni moshi: wa jineri, wa malori, wa majiko. Kaboneti ni hewa tunayotoa puani."

"Pumzi zetu?"

"Na za ng'ombe."

Mzee Luhende akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabega, mpaka kopo la ugoro likamponyoka na kumwagika. "Ng'ombe wa Bariadi wamenimalizia kazi!" akasema, akifuta machozi. "Wabeja," akanishukuru. "Wabeja sana, mwalimu." Nikaokota mfuniko wa lile kopo nimrudishie, na nikauona vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa shaba, wa kahawia iliyokolea kwa mafuta ya vidole. Nikamwuliza ameutoa wapi. "Ni kipande kilichobaki," akasema. "Cha kofia." Tukatazamana. Wote wawili tulifikiria kitu kimoja.

Jumatatu lori lilifika kabla ya saa tatu, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshafika kabla yake. Nilisimama mbele ya Mzee Shija na watu wote, nikasema nilikosea. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakaniishia hapo. "Juzi ulisema chumvi," akasema Mzee Shija.

"Chumvi ilikuwa ya maji ya kisima."

Kundi zima la akina mama likaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Mwamapalala. Mnunuzi wa vyuma hakucheka. "Mwenyekiti," akasema, "juzi hivi, leo vile. Kesho atasema nini?" Alikuwa na haki. Mzee Shija akasema basi ionyeshwe, kila mtu aone. Nikapanda ngazi na kisu cha jikoni cha Mayu, nikahesabu mkunjo wa tatu kutoka kona, upande wa machweo, nikakwaruza. Kijani ikatoka, nyeusi ikatoka, na chini yake ikang'aa shaba nyekundu, safi, kama ilivyoteremka Malampaka. Watu waliokuwa chini waliiona ikiwaka juani. Vigelegele vikaanza.

Lakini Mzee Shija alitaka unene. Kitu kinaweza kung'aa na kiwe kimebaki karatasi, akasema, na hapo nilimheshimu. Nikashuka, akapanda Mzee Luhende na mfuniko wake wa ugoro. Mkono mmoja akaubana ule mfuniko kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa pili akaubana ukingo wa kofia. Akafumba macho. Vidole vile vilikuwa vimepima bangili kwa miaka hamsini. "Ni ileile," akasema kutoka juu, sauti imempasuka. Mzee Shija akapanda na kitambi chake, ngazi ikalalamika, akabana huku na huku kama mtu anayenunua kitambaa, akarudia, akageuka kutuangalia. "Ni ileile!" akapaza sauti. "Kofia haishuki!" Mtu akaivuta kamba ya kengele, na haikuwa saa ya kitu chochote. Mnunuzi alikwenda zake na plau mbili, ila Mayu hakumruhusu aondoke bila kula, na alikula maharage yaliyopikwa kwa maji ya mvua, akaomba yaongezwe.

Jioni ile jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Mzee Luhende alikuja kusimama na mimi chini ya mnara. Kile kipande nilichokwaruza kiliwaka chenyewe katikati ya kijani. "Umeichuna," akasema.

"Itaota tena."

"Lini?"

"Kwa hewa kavu ya huku, guku, labda miaka ishirini. Labda thelathini."

Akatikisa kichwa, akicheka. "Mimi sitakuwepo. Wewe utakuja kuangalia. Kisha uje uniambie, popote watakaponiweka." Nikasema ndiyo. Shule zilipofungwa nikahamishwa, na miaka michache baadaye Kabula akaniandikia kwamba mzee amelala, na kwamba wamemzika karibu na kanisa, mahali ambapo mnara unaonekana.

Tulimzika Mayu Milembe mwezi wa saba, kwa heshima na kwa nyimbo, na watu wengi walikula kwa jina lake. Siku ya tatu Kabula, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na bado ananisahihisha, akaniambia kanisa linapakwa rangi na mafundi wameacha jukwaa la miti kuuzunguka mnara. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Alinishikia miti na kunigombeza kwa kila hatua, kwamba nina magoti mabovu, kwamba hatuna nafasi ya msiba mwingine wiki hii. Nikafika juu. Kofia ilikuwa pale, ya kijani, ikiwa na joto la jua. Nikaenda upande wa machweo, nikahesabu mikunjo kutoka kona: mmoja, miwili, mitatu. Nikalitafuta lile kovu. Nikavaa miwani, nikatafuta. Nikahesabu upya kuanzia kona nyingine, isije ikawa kumbukumbu yangu ndiyo imepinda. Mwishoni nikaweka kiganja na kupapasa, polepole, juu hadi chini, nikaona vidole vinapita kote bila kukwama mahali.

"Umeliona?" Kabula akauliza kwa sauti kutoka chini.

"Sijaliona!"

"Pole, Ticha!"

"Usinipe pole!" nikamjibu, na nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nimeishika miti kwa mikono yote miwili. "Usinipe pole kabisa!"

Nilishuka, nikavuka uwanja. Kaburi la Mzee Luhende lina msalaba mdogo wa chuma ulioliwa na kutu. Kabula alisimama mbali kidogo, akajifanya anatazama simu. Nilipiga magoti kwenye vumbi, kwa shida, nikaamkia. "Mwadila, guku," nikasema. "Nimelitafuta kovu kila mahali. Halipo."